Friji yako ina bei gani leo?

Dada, umesema friji uliinunua 850,000 miaka mitatu iliyopita, umeiweka mtandaoni kwa 700,000, na kila anayekuja anauliza "mwisho ngapi?" kisha kimya.

Ulichotoa wewe dukani hakimhusu mnunuzi. Yeye anaangalia mpya inauzwaje Kariakoo leo, tena na waranti juu. Akiona tofauti ni ndogo, anajichanga anaongeza.

Ingia mtandao wa matangazo wa Jiji na Facebook Marketplace, tafuta modeli hiyohiyo, lita hizohizo. Kumbuka bei zilizoandikwa pale ni za kuombea, si za kuuzia. Tangazo lililokaa wiki kadhaa linakuonyesha bei ambayo watu wameikataa. Mimi ningeanzia nusu ya bei ya mpya, nikapandisha kidogo kama haina kutu na haijawahi kujazwa gesi. Mpira wa mlango ukiwa umechanika, upige picha kabisa na upunguze, maana atauona tu akifika, na hapo atakata zaidi ya gharama ya kuubadilisha.

Acha upenyo wa kupatana. Unataka 400,000? Andika 450,000. Ile "bei maelewano" isiyo na namba inafukuza wateja makini.

Sema pia nani analipia kirikuu cha kuibeba. Na siku ya kuuza iwashe mapema, barafu aikute. Pesa ikitumwa kwa simu, angalia salio lako mwenyewe kabla friji haijatoka mlangoni. Meseji za kughushi ni nyingi mno.