Zabuni ya bima: piga hesabu kabla ya kuandika bei

Dada, umesema kampuni ya bima imeita zabuni kwa kliniki za fiziotherapia hapo Kampala, na wenzako wanataka wote mwandike bei moja. Hilo liache kabisa. Sheria ya ushindani ya Uganda inakataza washindani kupanga bei. Barua ya pamoja kulalamikia masharti mabovu ni jambo jingine, hiyo andikeni.

Sasa hesabu. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kukuchukua saa nzima, wa goti nusu yake. Ukikubali bei moja kwa kila kipindi, wagonjwa wazito watakufilisi. Tathmini ya kwanza nayo iwe na bei yake. Kwenye mapato hayo toa pango, mishahara, umeme. Kumbuka pia kodi ya zuio ya 6% ambayo kampuni ya bima inaweza kukukata kwenye malipo (utaihesabia kwenye ritani ya kodi, lakini fedha hiyo huna mkononi mwezi huo).

Kinachobaki watakulipa lini? Mimi hapo ndipo ningekaza: siku za malipo na sababu za kukataa madai ziandikwe kwenye mkataba. Leseni yako ya baraza la taaluma iwe haijaisha muda. Wakishusha bei chini ya gharama zako, usisaini.