Anza na daftari la mama
Ndugu, umeuliza uanze na Laravel au Django, zile zana za kujengea programu za wavuti, kutengeneza mfumo wa madeni ya wateja wa omena wa mama yako pale soko la Kibuye, Kisumu. Mimi ningeziacha zote mbili kwanza. Chukua daftari lake la madeni uone anavyoandika: nani, kachukua gorogoro ngapi, kalipa lini. Hapo tayari una majedwali matatu: wateja, mauzo, malipo. Salio usilitengenezee safu yake. Lihesabu kwa kutoa malipo kwenye mauzo, la sivyo siku moja salio ulilohifadhi na hesabu vitagongana na hutajua kipi cha kweli. Namba ya simu ihifadhi kama maandishi, maana ukiifanya tarakimu sifuri ya 07 inapotea.

Kwa hifadhidata, yaani mahali pa kuweka majedwali hayo, SQLite yatosha. Ni faili moja tu na kwa kawaida lugha ya programu ya Python huja nayo, hata bando likiisha unaendelea. Ila kila programu yako ikiunganishwa nayo iamuru PRAGMA foreign_keys = ON, yaani ikague uhusiano wa majedwali, bila hivyo itapokea deni la mteja asiyekuwepo. Na kilichoandikwa kwenye fomu usikibandike ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Mahali pake kwenye amri weka alama ya kuuliza (?), na thamani yenyewe uipitishe kando. Mambo ya nywila baadaye.