Maswali na Majibu: Nani anatangazwa Rais, na nani anaweza kupinga?

Swali: Kila baada ya uchaguzi wa Kenya nasikia shauri la urais limefika Mahakama ya Juu. Kwetu Tanzania sijasikia. Je, walioshindwa huridhika? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 41(7), imezuia. Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mgombea kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Matokeo ya ubunge unaweza kuyapinga Mahakama Kuu. Ya urais hayana pa kwenda. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha kwenyewe, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kwa maoni yetu, hii ndiyo tofauti nzito kuliko zote kati ya mifumo hii miwili.

Kenya, kwa Katiba ya 2010, mlalamikaji ana siku 7 tangu matokeo kutangazwa, na Mahakama ya Juu ina siku 14 tangu shauri kufunguliwa. Muda ni mfupi mno. Kila kituo cha kupigia kura hutoa Fomu 34A yake, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo hicho, na mwaka 2022 vituo vilizidi 46,000. Chama ambacho mawakala wake hawakuchukua nakala papo hapo kituoni hufika mahakamani kikiwa na malalamiko bila ushahidi. Lakini inawezekana: tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne dhidi ya wawili walibatilisha ushindi wa Uhuru Kenyatta, hasa kwa dosari za kutuma matokeo, na kura zikarudiwa 26 Oktoba.

Hesabu ya ushindi nayo ni tofauti. Tuseme wagombea watatu wamepata asilimia 44, 39 na 17. Tanzania, wa kwanza ni Rais, kwani tangu mabadiliko ya mwaka 2000 anayeongoza kwa kura ameshinda. Kenya hajashinda. Anatakiwa kuvuka nusu ya kura zote, na pia apate angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Mwenye asilimia 52 aliyepata robo katika kaunti 23 tu naye amekwama. Wawili wa juu hurudi kwa wapiga kura ndani ya siku 30, na safari hiyo sharti la kaunti halipo. Mwenye kura nyingi ndiye Rais.