Joto la Dar lililotoka Ethiopia

Wadogo zangu mnaoanza kuchambua data za hali ya hewa, kabla ya hesabu yoyote chagueni mahali mnapopajua vizuri, mwone kama faili nalo linapajua.

Mwanzoni nilitafuta joto la Dar es Salaam la mwezi Februari kwenye ERA5, data ya hali ya hewa ya dunia nzima ya kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF. Nikaandika latitudo 6.8, longitudo 39.3. Grafu ikatoka safi, ila ilionyesha baridi ya kuvaa sweta. Februari, Dar! Nilikuwa nimesahau alama ya kutoa. Kusini mwa ikweta latitudo ni hasi, na 6.8 bila alama hiyo ilinipeleka nyanda za juu za Ethiopia, upande wa Bale. Programu haikulalamika, maana huko nako kuna data. Ningekuwa natafuta mvua, huenda nisingeshtuka kabisa, na hilo linanitia hofu mpaka leo.

ERA5 hiyohiyo hupanga latitudo kutoka kaskazini, 90, ikishuka hadi -90. Mkikata latitudo kuanzia -12 kwenda 5 kwa xarray, maktaba ya Python, mnapata kipande kitupu. Anzeni na 5. Faili za CHIRPS, data ya mvua, zilizo katika muundo wa NetCDF huanzia kusini. Longitudo nazo, wengine huzihesabu 0 hadi 360, wengine -180 hadi 180. Kwetu namba ni zilezile, kwa hiyo kosa hujificha hadi siku mtakapohitaji Atlantiki.

Halafu ukubwa wa kisanduku kimoja cha gridi ya ERA5. Nyuzi 0.25 za latitudo na longitudo huku kwetu ni kama kilomita 28. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na upana wake haufiki 40. Hesabuni wenyewe ni nukta ngapi zinazoangukia kisiwani, na ngapi zimechanganya nchi kavu na bahari. Kwa mvua ya Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja, peke yake, ERA5 siitumii.

Mkitumia WRF, modeli ya hali ya hewa, kwa projeksheni ya Lambert, yaani namna mojawapo ya kuilaza dunia kwenye ramani bapa, upepo hufuata mistari ya gridi, si mashariki halisi. Uzungusheni kwanza ndipo muulinganishe na vipimo vya kituo cha hali ya hewa.

Ramani yangu ya kwanza ya kila data mpya huwa na mstari wa pwani juu yake. Pemba, Unguja na Mafia zisipokaa mahali pake, siendelei.