Shangazi wa Kamera Anajibu: Milango Mikongwe ya Ufaransa na Picha Zako Zilizopinda

Nilidhani ni mimi tu ninayesimama barabarani kutazama milango ya watu. Kumbe tuko wengi. Barua za mwezi huu karibu zote ni za milango, basi leo hatuzungumzi kingine.

Shikamoo Shangazi. Nilikwenda Sarlat siku tatu nikarudi na picha 340 za milango, zote za simu. Nikizifungua kwenye kompyuta naona milango imelalia nyuma kama inataka kuanguka, na baada ya ishirini za kwanza siwezi tena kutofautisha huu na ule. Ninunue kamera?
*Mwenye simu, Bordeaux*

Marahaba mwanangu. Usinunue kitu. Picha 340 kwa siku tatu ni zaidi ya mia kwa siku. Hata seremala hatazami milango mingi hivyo.

Tuanze na kulalia nyuma. Milango mingi ya Sarlat imeinuliwa kwa ngazi mbili tatu, na juu yake kuna jiwe la kuchonga ambalo hukutaka kulikata. Wewe uko chini mtaani, ukainua simu uso ukiwa juu, na hapo miimo miwili ya mlango ikaanza kukaribiana kuelekea juu. Dawa yake ni moja: uso wa simu uwe sambamba na ubao wa mlango, usiinamie mbele wala nyuma. Ili mlango wote uingie bila kuinua simu, rudi nyuma. Mtaa ni mwembamba? Bandika mgongo kwenye ukuta wa mbele, au tafuta uchochoro unaotazamana na mlango uingie humo. Kisha tumia lenzi ya mara mbili, ile iliyoandikwa 2x. Ile ya nusu, inayomeza mtaa mzima, iache. Ndiyo iliyokuharibia nusu ya hizo 340.

Washa mistari ya gridi, lakini uchague vizuri mstari wa kuuamini. Kizingiti cha chini kimekanyagwa karne nne, katikati kimelika kama sahani. Ukinyoosha picha kwa kizingiti, nyumba nzima itainama. Amini miimo. Na kuna mahali hata miimo haifai kuaminiwa: Troyes, mji uliojengwa upya kwa viunzi vya mbao baada ya moto wa 1524. Kule nyumba zinaegemeana kama wazee waliotoka harusini, na kwenye kichochoro cha Ruelle des Chats paa za pande mbili karibu zigusane. Hapo nyoosha simu yako kwa pimamaji lake la ndani, nyumba iache ilale inavyolala. Nimeona watu wakizinyoosha kwa programu mpaka mlango ukaonekana wa duka la samani.

Kuhusu mwanga, simu ikiona ubao mweusi hudhani kuna giza, inauongezea nuru, na mwaloni wa miaka mia tatu unatoka na rangi ya majivu. Gusa ubao kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole mpaka weusi urudi. Mlango uliopakwa rangi nipe siku ya mawingu. Mlango uliochongwa nipe jua la ubavuni, lile linalopita likikwaruza ukuta. Ukilipata hata nusu saa, nakshi zote zinasimama. Jua likiugonga mlango usoni, nakshi zinalala tena.

Sasa kufanana. Milango inafanana kwa sababu umeipiga yote kwa umbali mmoja, mzima mzima, kama picha za pasipoti. Mwaka jana nilikaa mbele ya mlango mmoja Pézenas kwa dakika arobaini. Ni lango kubwa la kupitisha gari la farasi, na ndani ya bawa la kulia kumekatwa mlango mdogo wa mtu. Chini kwenye kona za ukuta kuna mawe mawili yaliyoinama kwa nje, yaliyowekwa ili magurudumu yasile ukuta, na kweli yamechubuka yao wenyewe. Mbao za chini ziliwahi kuoza, mtu akatia kiraka cha mbao changa ambacho bado hakijakolea rangi. Mlango mdogo una matundu matatu ya ufunguo, yamepangana wima: la juu kubwa kama kidole gumba, la kati limezibwa kwa kipande cha mti, la chini ni kitasa cha shaba cha juzijuzi. Kandokando yake ubao umekuwa mweusi na unang'aa, lakini pale tu mkono unapofika ukisukuma. Nikaondoka na picha sita. Ninayoipenda ina yale matundu matatu na ule weusi wa mikono, basi. Lango lenyewe halionekani.

Shangazi, Rouen mzee mmoja alitoka ndani akanifokea nifute picha ya mlango wake, eti sheria ya Ufaransa inamlinda. Nilifuta. Nilikosea?
*Niliyefuta, Paris*

Umefuta picha katika mji ambao kisheria ndimo ulimopaswa kujiamini kuliko miji yote. Kulikuwa na kampuni ya ujenzi iliyochapisha, bila ruhusa, picha ya uso wa jumba la kale la hapohapo Rouen, Hôtel de Girancourt, kwenye vipeperushi vya kutangaza nyumba zake. Wenye jumba wakashtaki. Tarehe 7 Mei 2004 mahakama ya juu ya Ufaransa, Cour de cassation, iliamua kwamba mwenye mali hana haki ya peke yake juu ya sura ya mali yake. Anaweza kukataza tu kama picha hiyo inamletea usumbufu usio wa kawaida. Wenye jumba walishindwa. Huyo mzee labda bado anaishi kwenye uamuzi wa 1999, maana wakati huo mahakama hiyohiyo iliegemea upande wa wenye nyumba.

Haki ya msanifu ni jambo jingine. Inadumu miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo aliyechonga mlango wa karne ya 17 hakudai chochote. Jengo jipya ndilo la kuangalia: sheria ya Oktoba 2016 inamruhusu mtu binafsi kusambaza picha za majengo na sanamu zilizoko daima kwenye njia ya umma, bila biashara ndani yake. Na mtu anayetambulika usoni, akiwa kwake mlangoni, ana haki ya faragha yake. Huyo muombe. Jina lake kwenye kengele na namba ya gari lake pia nisingeviweka mtandaoni.

Haya ni ya mahakamani. Ya mtaani ni "Bonjour" kwanza, kamera baadaye. Mimi kwenye kijiji kimoja cha Alsace niliinama nikilenga kitasa, pua iko sentimita ishirini kutoka kwenye ubao, mara mlango ukavutwa kwa ndani. Lenzi ikabaki inatazama kitovu cha baba mmoja aliyevaa pajama, ana mfuko wa takataka mkononi. Sikuwa na sheria ya kumsomea. Nilimwonyesha picha ya kitasa chake, akaitazama sana, akaniambia hajawahi kuona kwamba kina uso wa simba. Ungemwonyesha mzee wako kabla ya kufuta.

Nina siku nne mwezi Septemba. Niende Alsace au Provence?
*Mwenye mkoba tayari, Lille*

Provence. Watu wa Alsace watanisamehe.

Avignon, kanisa la Saint-Pierre, lina milango ya mti wa walnati aliyoichonga Antoine Volard mwaka 1551. Malaika anampasha Bikira Maria habari, na nyuma yao mchongaji ameweka majengo yanayorudi ndani kama mtaa wa kweli, kwenye ubao ambao unene wake si mkubwa. Hapo nenda na lenzi ya mm 50 au zaidi, upige vipande. Ukipiga mlango mzima utapata ubao wa kahawia tu. Aix-en-Provence ni mtihani wa subira. Milango ya kanisa kuu la Saint-Sauveur, kazi ya Jean Guiramand ya kati ya 1508 na 1510, ina manabii wanne na wanawake watabiri kumi na wawili, lakini kwa kawaida imefunikwa kwa milango mingine ya mbao ili isiharibike. Wageni wengi hupiga picha ya kifuniko wakaondoka wameridhika. Ulizia kwanza ofisi ya utalii lini inafunguliwa.

Ukiweza, siku zako ziangukie wikiendi ya tatu ya Septemba. Ndizo Siku za Urithi, zilizoanza Ufaransa mwaka 1984, na majumba mengi yanayofungwa mwaka mzima hufunguliwa. Mlango ulio wazi, ua ukionekana nyuma yake, ni picha nyingine kabisa. Usiende Uzès Jumamosi asubuhi kwa ajili ya milango. Soko limefunika kila kitu. Ila jibini ni nzuri, hilo sikatai.

Na kama unarudi kwa njia ndefu, pitia Le Puy-en-Velay. Juu ya ngazi kubwa za kanisa kuu, ubavuni mwa ukumbi wa kuingilia, kuna milango ya mwerezi ya karne ya 12. Inasimulia maisha ya Yesu, na pambo la ukingoni ni mwigo wa maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu. Nilipoiona mara ya kwanza niliinamisha kichwa huku na huku nikijaribu kusoma, kama mtoto wa chuoni aliyesahau somo. Peleka lenzi inayopokea mwanga mwingi, pale pana kivuli.

Milango mingi kusini ina mkono wa chuma ulioshika mpira, wa kubishia hodi. Ni mkono wa Fatma?
*Mdadisi, Montpellier*

Wengi husema hivyo, na mkono wa kinga mlangoni ni wazo la kale pande zote za Mediterania. Lakini unayoiona wewe mingi ni chuma cha kusubu cha karne ya 19, ya viwandani, ndiyo maana unaikuta pacha kwenye miji miwili tofauti. Tazama kidole: mara nyingi kuna pete, na kwenye kifundo kuna mkunjo wa lesi. Tazama na sahani ya chini yake. Kama ina shimo, mkono huo umegonga kweli. Kama ni laini, ni pambo tu.

Kwa nini mji mzima hauna mlango wa waridi mkali?
*Mpenda rangi, Nantes*

Kwa sababu ukiishi karibu na jengo la kihistoria linalolindwa kisheria, ndani ya mita 500 zilizowekwa na sheria ya 1943 au eneo lililochorwa mahali pake, huamki ukapaka mlango upendavyo. Unapeleka ombi, na msanifu wa serikali wa majengo ya kale anatoa neno lake. Wenye nyumba hulalamika. Mimi mpiga picha nanyamaza, maana nafaidi.

Juu ya mlango nilioupiga Riquewihr pamechongwa 1582. Kwa hiyo mlango ni wa 1582?
*Msomaji wa Strasbourg*

Jiwe linasema habari za jiwe. Mwaka huo unaweza kuwa wa kujenga, na alama iliyo kando yake, kama ipo, inaweza kuwa ya kazi ya mwenye nyumba: nyundo, mkate, kisu cha kupogolea mizabibu. Ubao wenyewe pengine umebadilishwa mara mbili tatu tangu hapo. Kuza picha yako utazame bawaba. Ukiona vichwa vya misumari havilingani, kila kimoja kimefuliwa kivyake, endelea kutumaini. Ukiona skrubu nne zinazofanana zenye alama ya msalaba, huo mlango ni mdogo kuliko mimi.