Kubanwa kifua baada ya mechi

Unauliza kama kijana wako hubanwa kifua baada ya mechi kwa sababu ya vumbi la uwanja au ubovu wa mapafu. La, si vumbi la uwanja peke yake, wala kijana wako hana "mapafu mabovu". Akikimbia anahema kwa mdomo, hewa inakausha utando wa njia za pumzi, na chumvi kwenye ule unyevu kidogo uliobaki inazidi. Ukavu huo ndio unaozichokoza seli za kinga ziitwazo seli za masti: zinamwaga kemikali ziitwazo histamini na leukotrini, misuli ya mirija inajikaza, kifua kinabana. Ndiyo maana wengi hubanwa dakika chache baada ya kipenga cha mwisho, kisha kifua kinaachia chenyewe ndani ya saa moja hivi.

Nimekaa kliniki ya pumu hapa Malindi miaka kadhaa, naona hayo kila wiki. Tena sisi wa pwani tuna afadhali, hewa yetu ina unyevu. Apelekwe Eldoret kwenye baridi kavu ndipo utamjua. Kama daktari amemwandikia pampu ya salbutamol, dawa ya kulegeza misuli ya mirija hiyo, avute robo saa kabla ya mechi. Ila apimwe kwanza, maana si kila anayetweta ana pumu.