Wikipedia bila bando: anzeni na kishikwambi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nafundisha fizikia sekondari ya kata, wilaya ya Tunduru. Mtandao mpaka upande kilimani, na wenyewe unasuasua. Umeme wetu ni sola, wa taa za ofisi na kuchaji simu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, ila walimu tuna vishikwambi vya Sensa ya 2022. Tumeshauriwa tununue Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, tuweke Wikipedia isomwe bila intaneti, na tumeshaanza kuchangishana. Hili linawezekana kweli?

JIBU: Linawezekana, Mwalimu, lakini hela hizo zishikeni kwanza. Vishikwambi vinatosha kuanzia.

Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix, ipo tangu 2007. Inafungua mafaili ya aina ya ZIM, ambamo Wikipedia nzima inabanwa kwenye faili moja. Siku ukishuka mjini kwenye mtandao wa maana, pakua hayo mafaili. Ukirudi shuleni hudaiwi bando tena. Wala usiogope kuwagawia wengine, leseni ya Wikipedia inaruhusu. Ndani ya Kiwix ya Android kuna sehemu ya kurusha vitabu kwa hotspoti. Ukiiwasha, kishikwambi kinakuonyesha anwani ya tarakimu. Wenzako wanajiunga na hotspoti yako, wanaiandika anwani hiyo kwenye kivinjari, basi. Kishikwambi kimoja kinakuwa maktaba, vingine vinasoma.

Mtego wa kwanza utakupata kwenye memori kadi. Una kadi ya GB 64, tupu kabisa, unanakili faili la GB 6 na inakujibu kwamba faili ni kubwa mno. Wengi hapo wanarudi dukani kugombana na muuzaji, na kadi haina kosa. Imefomatiwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja linalozidi GB 4. Ifomati upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, kwenye kompyuta (kila kilichomo kitafutika, kihamishe kwanza), kisha nakili.

Sasa uweke nini? Hapa ndipo naona watu wanakosea kuliko kwenye vifaa. Wanakimbilia Wikipedia ya Kiingereza yenye picha, zaidi ya GB 100, halafu mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka kusoma karibu kila kitu kwa Kiswahili anafungua ukurasa wa "Electricity" na kuufunga. Mimi ningeweka Wikipedia ya Kiswahili pamoja na ile ya Kiingereza chepesi, Simple English. Mwanafunzi anasoma mada kwa Kiswahili, akishaielewa anaitafuta upande wa pili apate maneno ya mtihani. Kurasa za Kiswahili nyingine ni fupi mno, sikufichi, ila zinafungua mlango. Na kwa fizikia yako usiache PhET, majaribio ya kuchezea kwenye skrini yaliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Nayo yapo kwa ZIM. Mwanafunzi anaunga betri, waya na balbu, akikosea betri inawaka moto kwenye skrini na hakuna kilichoungua.

Mkiona vinatumika kila siku, hapo sasa nunueni hiyo Pi, maana kishikwambi kinachorusha hotspoti kutwa kinamaliza chaji. Raspberry Pi 4 chukulia inakula wati 5. Kwa saa 6 ni wati-saa 30. Betri ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa), inabeba wati-saa 84, na betri hizi za asidi usizinyonye kupita nusu, yaani 42. Inatosha. Ila usiiwashe kwa chaja ya gari ya bei chee: Pi 4 inataka volti 5 kwa ampea 3, ikipungukiwa inajizima na kujiwasha bila sababu ya kuonekana.

Na izimwe kwa amri, isikatiwe umeme ghafla. Shule moja niliyoifungia Pi, mlinzi alikuwa akizima swichi kuu ya sola kila jioni kama anavyozima taa. Wiki ya tatu memori kadi ya Pi, inayobeba kila kitu chake, ikaharibika, nikaitwa kwamba "mtandao umeisha". Tangu hapo nanunua kadi mbili zenye vitu vilevile, moja inafanya kazi, ya pili inakaa kwenye droo ya mkuu wa shule.